Aliyekata na Aliyeziba

Nimepima ardhi miaka thelathini na minne. Nalisema hili mapema ili ujue ukubwa wa aibu inayokuja. Mtu wa kazi yangu analipwa kwa kuona. Jiwe la mpaka likisogezwa upana wa kidole na jirani mwenye tamaa, mimi nilikuwa nalijua kabla sijashuka kwenye gari. Wenzangu kazini waliniita Jicho. Nilipostaafu niliondoka na hilo jina, ila jicho lenyewe nadhani nililisahau ofisini, kwenye droo, pamoja na mwavuli wangu.

Mtaa wetu una nyumba ishirini na mbili ndani ya ukuta mmoja. Njia ya matofali inaanzia nyumba za nyuma, ambako ndiko nakaa, inapita kwenye kamba za kuanikia nguo, inalizunguka tangi la maji, inafika kwenye benchi na ubao wa matangazo, halafu inaishia mlangoni mwa ukumbi. Vitu hivyo ni vyetu sote, maana yake havina mwenyewe, na mpaka nilipochaguliwa mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba vilikuwa vinajifia polepole. Nilipita bila kupingwa. Kusema kweli nilikuwa peke yangu niliyenyoosha mkono, na niliunyoosha kabla swali halijaisha kuulizwa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa reli ya mbao ya kushikia, kando ya njia, kutoka nyumba za nyuma hadi ukumbini. Niliichora mwenyewe, nikapima mwenyewe, nikachagua vanishi mwenyewe. Siku ya kuizindua nilitoa hotuba ya dakika arobaini kuhusu wazee na wagonjwa wetu, na jinsi kiongozi anavyopaswa kuwaona watu ambao wengine hawawaoni. Hotuba hiyo ninayo mpaka leo. Naisoma nikitaka kujiadhibu.

Utepe ulikatwa na mke wangu. Yeye ni fundi nguo, mtaa mzima unamwita Mama Cherehani, na kila Jumanne na Alhamisi alikuwa akienda ukumbini kufundisha kina mama kushona. Alikuja na mkasi wake mkubwa. Mara ya kwanza mkasi ulikata hewa. Watu wakadhani anafanya mzaha, wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mara ya pili akaushika utepe kwanza kwa mkono wa kushoto, akaufuata kwa vidole, ndipo akakata.

Baada ya wiki mbili nikaona mkato wa kwanza. Ulikuwa karibu na kamba za nguo, upande wa ndani wa reli, umechongwa umbo la pembetatu, mdogo kama jino la mtoto. Kesho yake nikaona miwili imekaa pamoja kwenye kona ya tangi. Kisha mmoja pale kwenye benchi, kisha miwili tena kabla ya ukumbi. Reli yangu! Niliyoipaka vanishi mara tatu kwa brashi ya manyoya laini! Nilijihisi kama mtu aliyekatwa sikio.

Nikaitisha mkutano wa dharura. Niliongea kuhusu ustaarabu, kuhusu vizazi vijavyo, na kuhusu watu wanaoharibu mali ya pamoja kwa sababu mioyo yao imeharibika kwanza. Nikapendekeza kanuni, na kwa kuwa watu walikuwa na njaa ikapitishwa haraka: atakayepatikana ameharibu reli, jina lake libandikwe ubaoni, na asiruhusiwe kutumia mali ya pamoja kwa mwaka mzima. Katibu wetu, nesi mstaafu asiyependa maneno mengi, aliniuliza kama mwaka si mwingi. Nikamjibu kwamba mwaka ni mdogo.

Kanuni hiyo niliiandika nyumbani siku moja kabla. Mke wangu alikuwa jikoni. Nilimpa karatasi aipitie akasema nimsomee, mikono yake ina unga. Sikuhitaji kuombwa mara mbili, maana hakuna sauti ninayoipenda kama yangu ikisoma maneno yangu.

"Umesema mhalifu mara saba," akaniambia. "Huyo mtu hachoki?"

Nikamsomea tena pale mwisho, bila kujali cheo, umri wala undugu. Akasema, "Undugu umeuweka. Ndoa je?" Nikacheka, nikaongeza ndoa. Nilimwambia kwamba akili kama yake ndiyo inayohitajika kwenye kamati.

Halafu nikaanza kuziba. Kila Jumapili asubuhi nilitoka na kopo la puti na kisu kipana, nikajaza mikato yote, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Wapita njia wakiniuliza nawajibu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilikuwa nikiitamka methali hiyo kwa majivuno kana kwamba nimeitunga mimi. Ikifika Jumatano mikato imerudi, palepale, kwa hesabu ileile. Nikaziba tena. Ikarudi tena.

Mshukiwa nilikuwa naye tayari. Nyumba ya saba anakaa seremala, mtu mpole mwenye mabega mapana, ambaye nilipomwonyesha mchoro wangu wa reli alicheka. Alikuwa na haki ya kucheka, maana kwenye mchoro reli ilipita katikati ya bomba la tangi. Lakini mimi kicheko kile kiliniuma, nikampa kazi fundi wa nje. Sasa nikajiambia, mbao imekatwa, na mwenye kinyongo na mbao ni nani kama si seremala?

Nilimwita aje kuitazama mikato, nikidhani ataogopa. Yeye aliinama, akapitisha kidole gumba ndani ya mkato, akanusa vumbi lake. Alisema hiyo si patasi. Ni tupa ndogo ya pembetatu, ile ya kunolea mikasi, na aliyeishika hakuwa na haraka wala hasira. Nikamshukuru kwa sauti ya baridi. Nilipofika nyumbani nikaandika kwenye daftari: *anajua mno*. Na siku iliyofuata nikabandika tangazo ubaoni kwamba mhalifu ni mtu wa mbao aliye miongoni mwetu. Mtaa una seremala mmoja tu. Kuanzia hapo akawa akinipita bila kunisalimu, na mimi nikaona ndiyo hivyo, dhamiri inamsuta.

Tupa ya kunolea mikasi ilikuwa kwenye kikapu cha mke wangu, kando ya kiti ninachokalia kila siku. Nimewahi hata kuitumia kukwangulia kiko.

Nikaamua kumvizia. Jumanne asubuhi nilijificha nyuma ya mti wa maua ulio karibu na kona ya tangi, hatua mbili tu kutoka kwenye reli, nimevaa shati la kijani. Nilikaa kwenye kigoda kuanzia saa tatu. Saa nne na robo akapita mke wangu anakwenda ukumbini, kikapu begani, mkono mmoja juu ya reli. Alipofika sambamba nami kigoda kikalia. Akasimama. Akageuza shingo taratibu, akatazama kule, akatazama huku, akaniuliza, "Nani hapo?"

Hatua mbili! Mchana kweupe! Nilifurahi sana kuona shati langu linavyofanya kazi. Nikamnong'oneza kwamba ni mimi, niko kazini, asinifichue. Alipumua, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia bado. Akarudi nyumbani, akaniletea chai kwenye chupa, akanikabidhi, akaendelea na safari yake, na vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya mbao. Kwenye daftari langu la siku ile kuna mstari mmoja tu: *saa nne na robo, mke wangu, mtu mwingine hakuna.*

Yaani mhalifu alimpikia chai mpelelezi, mpelelezi akashukuru.

Usidhani dalili hazikuwapo nyumbani. Kwa miezi mingi tulikuwa tukigombana juu ya kigoda hichohicho, yeye anataka kikae palepale ukutani siku zote, mimi nakihamisha. Alijigonga kwenye mlango wa kabati ulioachwa wazi akaulaumu mlango. Ukimpa kikombe kwa pembeni hakipokei mpaka umwite. Haya yote niliyaona, nisidanganye. Niliyaona nikayapa jina la uzee, na baada ya hapo nikatoka nje kwenda kukagua reli.

Jumapili ya tatu ya puti niliziba kwa ufundi wa hali ya juu. Hata mimi sikuweza kupata mahali palipokuwa na mikato. Jumanne yake mke wangu alirudi kutoka ukumbini kabla ya wakati, gauni lina tope, goti limechubuka, kifundo cha mkono kimevimba. Alitumbukia kwenye mfereji ulio baada ya tangi, pale njia inapokata kona. Alisema ameteleza kwenye maji ya sabuni. Nilimuosha, nikamfunga bendeji, na muda wote huo nikimhutubia kuhusu watu wanaoharibu mali ya pamoja. Nilimwambia kwamba huyu mtu sasa amevuka mpaka, amemwaga hata damu. Alinitazama usoni kwa muda, nikadhani ananionea fahari.

"Umeziba vizuri safari hii," akasema.

Nikamwambia asante.

Hasira ndiyo iliyonirudisha kwenye kazi yangu. Nilishusha vifaa vyangu kutoka juu ya kabati, nikatoka na utepe wa kupimia na kitabu cha vipimo, nikapima mahali pote palipowahi kuwa na mikato, umbali wa kila pointi na mwenzake. Nilitumia siku mbili. Katika kupima nikagundua mkato ambao sikuwahi kuuona, kwenye nguzo ya mlango wa bustani yangu mwenyewe. Nikakaa mezani, nikachora ramani safi ya mtaa mzima kwa wino mweusi, pointi za uhalifu nikaziweka kwa wino mwekundu. Tangu nistaafu sikuwahi kuchora kitu kizuri namna ile.

Jumamosi alasiri nikaitisha mkutano ukumbini. Walikuja karibu wote, wengine, nahisi, kwa ajili ya kumtazama seremala, aliyekaa nyuma kabisa amekunja mikono. Mke wangu alikaa mstari wa mbele, mkono wenye bendeji juu ya mapaja. Nikaitundika ramani ukutani, nikachukua fimbo, nikaanza kusoma pointi moja moja kama nilivyokuwa nikifanya mbele ya mabwana wa ardhi.

Pointi ya kwanza, mkato mmoja, mlango wa bustani ya mwenyekiti. Pointi ya pili, mmoja, kamba za nguo. Ya tatu, miwili, kona ya tangi. Nikaendelea hivyo mpaka mlango wa ukumbi tuliomo. Kisha nikachukua kalamu nyekundu na kuziunganisha zote kwa mstari mmoja, ili watu waone.

Nao wakaona. Mmoja baada ya mwingine. Nesi alivua miwani akaishika mkononi. Mtu wa mwisho kuona alikuwa yule aliyechora.

"Mtaona wenyewe," nikasema, "kwamba anaanzia mlangoni pangu. Hii ni dharau kwangu binafsi. Huyu mtu anajua nyendo za nyumba yangu, anajua tunatoka wapi na tunakwenda wapi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Nesi akaniomba nikae kidogo. Nikakataa, nikamwambia bado sijafika kwenye hitimisho. Ndipo mke wangu akainuka. Aliinuka kwa kushika kiti cha mbele yake, ambacho hakikuwapo, akayumba, nesi akamdaka kiwiko.

"Ni mimi," akasema.

Nilidhani anataka kuomba maji. Nikamwambia asubiri.

"Nimesubiri vya kutosha. Mikato ni yangu. Mmoja ni kipande cha mbele, maana yake nyoosha. Miwili ni mgongo, maana yake geuka. Ndivyo tunavyokata vitambaa, ili fundi ajue mkono wa gauni unaingia wapi. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anajua. Wewe umelala na fundi nguo miaka thelathini na minane na hujui."

Kina mama wa darasa lake walicheka, kisha wakajishika midomo.

"Pembeni sioni," akaendelea, na sasa hakuwa akiongea na mimi, alikuwa akiongea na mtaa. "Mbele naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli, na tundu lenyewe lina ukungu. Lakini vidole vyangu havijambo. Reli hii ni nzuri, inanifikisha. Ila ni ndefu na ni laini mahali pote, huwezi kujua umefika wapi. Nikaiwekea alama. Samahani kwa vanishi."

Akakaa.

Nina vyeti vitatu vya upimaji, kimoja nilipewa kwa mkono wa mkubwa. Na swali nililoweza kuuliza mbele ya watu wote wale, nikiwa na fimbo mkononi, lilikuwa, "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya utepe," akasema.

Mtu mmoja alikohoa. Kisha nikaona macho yanahama, yanatoka kwa mke wangu yanakwenda ukutani, ambako kando ya ramani yangu ilikuwa imebandikwa kanuni yangu kwa herufi kubwa. Jina libandikwe. Mwaka mzima. Bila kujali cheo, umri, undugu wala ndoa. Ukumbi ni mali ya pamoja. Reli ni mali ya pamoja. Njia yenyewe ni mali ya pamoja. Nilihesabu kwa haraka: kwa kanuni ile mke wangu asingeweza kutoka kwenye mlango wa bustani yetu mpaka mwaka ujao.

Seremala akanyoosha mkono huko nyuma. Nikajua sasa yamenifika. Mtu niliyemchafulia jina kwa wino ana haki ya kuniomba niisome kanuni kwa sauti, na nilikuwa nimeiandika mwenyewe isiwe na mlango wa kutokea.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Reli ilikuwa inafanya kazi. Mama alikuwa anafika hapa na kurudi salama. Halafu mtu akaipitia na puti, mama akaanguka mferejini. Sasa aliyeharibu mali ya pamoja ni nani, aliyekata au aliyeziba?"

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata pa kushikia, ningejibu, ningebishana, maana kubishana najua. Nikakumbuka lile goti lililochubuka, na bendeji niliyoifunga kwa kujisifu, na ile asante niliyoisema.

Nikaigeuza ramani, nikaandika jina langu lote nyuma yake kwa wino mwekundu, na chini yake tarehe ya mwisho ya adhabu. Nikamwomba katibu akaibandike ubaoni. Nesi aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia mwaka ni mdogo.

Tulirudi nyumbani. Nilikirudisha kigoda palepale ukutani. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi mume wake, baba wa watoto wake. Nilikuwa nimeumia, na nilitaka ajue nimeumia, kana kwamba siku ile ilikuwa ya kwangu.

"Ningekuambia ungeniundia kamati," akasema.

Ni kweli. Nilishaanza kuipanga kichwani, nani awe mjumbe.

"Unamkumbuka mama yangu?" akaniuliza. Nilimkumbuka, mkwe wangu, amekaa kwenye mkeka kwenye kona ya sebule, kila siku kona ileile. "Macho yake yalipokwenda, sisi wanawe tulimpenda sana. Tulimletea maji, tulimletea chakula, tukamwambia asihangaike. Alikuwa mtu wa kutembea, yule. Hakutembea tena. Alikaa pale miaka tisa kwa sababu ya upendo wetu. Mimi nataka kwenda ukumbini kwa miguu yangu, basi. Hilo tu. Sasa hata wewe ukiniambia nikae, nitakataa, lakini naomba usiniambie, maana nimechoka."

Nililia. Naliandika hapa kwa kuwa nimeshaandika mengine mabaya zaidi. Yeye alinipapasa kichwani akaniambia nywele zangu zimebaki chache, jambo ambalo nilidhani pia nimelificha.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Alisikitika kwamba tumechelewa. Akanigeukia mimi akauliza kama nyumbani hakuna aliyeona dalili yoyote. Nikamwambia hapana. Akauliza kazi yangu. Nikamtajia. Aliandika kwa muda.

Kwa seremala nilikwenda kwa miguu, kwenye karakana yake, nikiwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi yenye utangulizi na sehemu tatu. Alinisikiliza mpaka katikati ya utangulizi, akanipa kipande cha msasa na ubao mmoja. Nikapiga msasa mpaka adhuhuri. Jioni alipita nyumbani na patasi zake, akamchukua mke wangu, wakatembea reli nzima, yeye akionyesha kwa kidole na seremala akichonga. Nilikuwa nikiwasikia kutoka bustanini, kwa kuwa njia si yangu tena. Mke wangu alikuwa mkali kwake kama alivyo mkali kwa wanafunzi wake. Huu umeingia ndani mno. Huo wa mgongo uko mbali na mwenzake. Rudia. Wala seremala hakucheka, kama alivyoucheka mchoro wangu.

Watu walinishauri nijisamehe. Nesi alisema kamati inaweza kuifuta adhabu kwa dakika moja. Nimekataa. Kwenye maisha yangu nimepitisha kanuni nyingi, hii ndiyo ya kwanza iliyompata mtu anayestahili.

Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi tunatoka pamoja, yeye kwenye njia, mimi kwenye nyasi. Yeye mkono uko juu ya reli, mimi niko upande wa pili wa reli nikikwepa matuta ya maua. Kukanyaga nyasi nako ni kosa, tangazo lipo, niliandika mimi. Mtaa wote unalijua na hakuna anayesema, isipokuwa yeye.

"Mwenyekiti, nasikia nyasi zinalia," ananiambia.

Wiki ya kwanza, tulipofika kwenye kona ya tangi, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kumshika. Ulibaki hewani, upande wake asioona, kidole kimoja tu kutoka begani kwake. Alipapasa mikato miwili, akageuka, akaendelea. Nikaurudisha mkono mfukoni.

"Uliunyoosha, sivyo?" akauliza bila kusimama.

Nikamwambia hapana.

"Vizuri. Usiutupe lakini."

Mlangoni mwa ukumbi kuna ngazi mbili ambazo reli yangu haikuzifikia, kwa sababu kwenye mchoro nilizisahau. Hapo alisimama, akahamisha kikapu bega la pili, akanyoosha mkono wake pembeni, kwenye nyasi, bila kuangalia. Nikaushika. Akapanda ya kwanza, akapanda ya pili, akaniachia, akaingia. Mimi siruhusiwi ndani, wala kwenye benchi, kwa hiyo niligeuza ndoo kuukuu iliyokuwa kando ya ukuta, nikaikalia nikisikiliza cherehani mpaka darasa lilipokwisha.